Mwiko Mbele ya Skrini

Sheria inamruhusu mume aliye kazini mbali kutuma nakala yake ya kompyuta iongee na mkewe kwenye skrini. Ila kwa nakala, skrini hubadilisha picha polepole. Ndiyo maana mimi hupunga mwiko mbele yake: vivuli vya mwiko vikiwa vichache, picha zinakwenda polepole, basi si Hamduni mume wangu, ni nakala.

“Unanifukuza kama nzi, Mama Zulfa?” Hamduni hucheka. Vivuli vichache. Kisha huuliza kama mtoto kapona kikohozi, na kama paa bado linavuja.

Jana nilipunga, vivuli vikajaa tele. Nikajifunga kanga upya.

“Ni wewe?”

“Ni mimi. Nimechoka. Kuna jambo?”

“Hakuna.”

Akakata.

Leo kapiga tena.

“Paa je, mke wangu?”

Mwiko nimeuacha kwenye sufuria, nikamjibu.