Wimbo wa Nge

Don Beto hakuusikiliza wimbo. Aliishika flashi kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota mende, akaitumbukiza kwenye ndoo ya magamba ya samaki.

"Nimekuletea bure, mzee," alisema Deimer Cassiani. Alikuwa amesimama juani, gitaa mgongoni. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

"Ndiyo maana nimeutupa. Cha bure kila mtu atakipiga. Mimi napiga kile ambacho Cartagena nzima haina." Don Beto akapiga kofi spika zake zilizopangwa hadi darini, zenye mchoro wa kufuli kubwa la rangi ya moto. Hilo ndilo lilikuwa El Candado, yaani Kufuli, piko au mitambo ya dansi ya mtaa wa Olaya, na kila Jumapili mtaa ulicheza kwa amri yake. "Unataka niupige? Saini. Wimbo unakuwa wangu, na jina juu yake ni la piko langu. Wewe utabaki na sifa."

"Sifa gani, kama jina langu halitajwi? Wangapi wamekuimbia hapa, na leo mtaani hakuna anayewajua?"

"Wanakula."

"Wanakula makombo yako."

Wabeba spika wakaguna. "Dogo ana mdomo huyu!"

"Basi mpelekee Mogo wa El Alacrán," Don Beto alisema. "Naye akutemee mate."

"Ameshanitemea," Deimer alijibu, akavuka barabara kwenda kunywa kahawa kwa Nuris, mkaanga arepa za mahindi, kama alivyozoea.

Don Beto alimsahau kabla vumbi halijatulia. Kilichomchoma ni El Alacrán, mitambo ya Mogo Cimarra iliyochorwa nge. Jumapili mbili mfululizo nge huyo alikuwa amemwachia uwanja mtupu. Kulikuwa na dawa moja tu. Kila piko huficha nyimbo zake, na katikati ya kila wimbo huweka plaka, sauti nzito inayonguruma jina la piko ili mwizi asiweze kuuita wake. Ndiyo maana kuupiga wimbo ulioibwa kwa mpinzani, plaka yake ikiwa humohumo, ni ushindi ambao wimbo wa kununua haujawahi kumpa mtu yeyote Olaya.

Ijumaa Nuris akaingia, mikono ikinuka mafuta. Alikaanga arepa kwenye dansi za mapiko yote mawili, na nani humshuku mwanamke mwenye karai?

"Hujaniona, Don Beto," alinong'ona, akiweka flashi mezani. "Mogo kauficha huu. Anautunzia sherehe za Novemba. Na mimi nataka nafasi ya karai langu pale mlangoni."

"Mlango wako, mama."

Don Beto alijifungia ndani na flashi. Gitaa likaanza, ngoma ikafuata, kisha sauti ya kijana iliyokwaruza kama kiberiti. Kabla ya kiitikio ikaja plaka: "El Alacrán! Wimbo wa Mogo peke yake! El Candado, lia!" Ilikuwa plaka mbovu, kama ya mtu mwenye mafua anayesemea ndani ya pipa.

"Mogo kafulia, hata mtangazaji hana," Don Beto alicheka. Lakini chini ya meza miguu yake ilikuwa ikicheza.

Jumapili aliufyatua jua likiwa bado kali. Uwanja ulilipuka. Watu walirushiana unga mweupe wa mahindi hadi sura zao zikapotea. Kila plaka ilipokuja, Don Beto aliipigia kelele kwenye maikrofoni: "Nge kang'olewa mwiba! Kalieni kwenu!"

Aliurudia. Aliurudia tena. Hapo ndipo Deimer Cassiani alipoparamia jukwaa, jasho likimtiririka.

"Zima! Wezi nyie! Huo wimbo ni wangu!"

Don Beto alimtambua, na moyo wake ukajaa utamu. Kumbe jeuri huyu aliishia kumsainia Mogo! Alimshika ukosi, akamgeuza kwa umati.

"Kuna anayemjua huyu? Hakuna! Anaitwa Deimer Cassiani! Mbembelezeni, jamani, analia!"

"Deimer! Deimer!" umati ukaimba kwa kejeli.

"Mtafuteni kwenye simu zenu, muone kama yupo duniani!"

Simu zikatoka mifukoni, mamia kwa mamia. Wabeba spika wakambeba Deimer juujuu na kumbwaga nje ya mlango, mdomo ukapasuka. Nuris akampa barafu. Hata pale chini hakunyamaza. Aliendelea kulipiga kelele jina lake lote, akilitaja herufi kwa herufi.

Jumatatu asubuhi Mogo Cimarra alisukuma lango bila kubisha hodi, watu wake wawili nyuma. Don Beto alikuwa akimsubiri, tabasamu tayari usoni.

"Umekuja kuulilia wimbo wako?"

"Wangu?" Mogo alitema mate sakafuni. "Jana umejitapa mtaa mzima kwamba umeniibia. Dharau gani hiyo, Beto? Uufiche wewe, nihangaike kuuiba mimi, halafu unitangaze eti ni wangu?"

"Umelewa asubuhi yote hii?"

"Nuris kauchomoa kwenye mtambo wako tangu Jumatano. Nilikuwa nakungoja Novemba nikuzike nao. Sikiliza, kama umejisahau."

Aliinua simu yake juu. Gitaa likaanza, ngoma ikafuata, kisha ile sauti ya kukwaruza. Don Beto alikuwa bado anatabasamu kiitikio kilipokaribia, na mtu mwenye mafua akanguruma kutoka ndani ya pipa:

"El Candado! Wimbo wa Don Beto peke yake! El Alacrán, lia!"