Kuku Mwenye Hasira

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, saa tatu kasorobo asubuhi, darasa la kwanza lilikuwa kimya kama maji mtungini.

Nyuma kabisa, magoti yakimfika kidevuni, mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, kalamu mkononi. Mbele alisimama mwalimu wa lugha ya pili, ambaye tangu Januari hakuwa ametamka mbele ya darasa hata neno moja la lugha ya nyumbani. Aliyetaka maji aliyaomba kwa lugha ya pili. Aliyeshindwa, alionyesha kwa mikono. Leo ama watoto waongee lugha hiyo mbele ya mkaguzi, ama mwalimu afungashe virago.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa lugha yake, akiinua ndoo.

Mkaguzi alikuwa amewafunga ndimi.

"Mwone anavyotetemeka," Domokaya, mvulana wa dawati la mbele, alinong'ona kwa lugha ya nyumbani, mnong'ono wa kusikika hadi uani. "Na anavyotembea sasa, bata mtupu!"

Kijino, binti wa dawati hilo hilo aliyeng'oka meno mawili, alimfinya. "Nyamaza wewe!"

"Kwani atajua? Huyu hata umtukane, anakuchekea. Mbona roho inakuuma, umemzaa wewe?"

Kijino aligeuka nyuma. Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imeanza kuandika. Ghafla Kijino aliinuka, akaichukua ile ndoo na kuipindua juu ya dawati.

"Karibuni dukani!" alitangaza kwa lugha ya pili. "Nina kuku mmoja tu. Ana hasira!"

Darasa likaangua kicheko. Duka la Ijumaa, mchezo wa kuuza na kununua waliofundishwa na mwalimu, ndilo lililokuwa utamu wao, na Domokaya hakuweza kujizuia.

"Nataka kuku mpole!" alidakia kwa lugha ile ile.

"Wapole wamekwisha."

"Basi nipe mayai!"

"Mayai nayo yana hasira!"

Hapo ukawa mnada. Huyu alilalamika kuwa amedonolewa, yule akataka kumrudisha kuku, na mkaguzi mwenyewe alipojongea dukani, alikemewa kwa lugha ya pili iliyonyooka: "Mzee, panga foleni!"

Alifunga faili huku akijipangusa machozi ya kicheko. "Unabaki, mwalimu," alisema kwa lugha ya pili. "Ila jifunze lugha yao japo kidogo. Wanakusengenya mchana kweupe."

"Nitajitahidi," mwalimu alijibu kwa adabu.

Kengele ya mwisho ilipolia, Kijino alikawia makusudi. Alichungulia dirishani hadi Domokaya alipopotelea kwenye kona, ndipo akamgeukia mwalimu.

"Mama," alisema kwa lugha ya nyumbani, "nimechoka kujifanya sikujui."

"Vumilia, mwanangu, mpaka Desemba tu," mwalimu alijibu kwa lugha hiyo hiyo. "Wakijua naielewa lugha yao, nani ataongea ile nyingine? Haya, shika mkoba, baba yako anatungoja."

Nawe uliyesoma, msimulie mwenzako. Ila akiwa na mtoto darasa la kwanza, shusha sauti.