Mwanamke wa Chuma

Sanamu za kisasa zilipopangwa katika vichochoro vya mji mkongwe, moja ilisimamishwa mbele ya nyumba ya Shekuwe: mwanamke wa chuma asiye na uso. Shekuwe alikasirika, akawafuata mafundi waje kuing'oa.

Waliporudi, walimkuta mkewe, Mwanasiti, ameketi kizingitini. Tangu wamzike binti yao, Rukia, hakuwahi kutoka nje.

"Mama Rukia, umetoka?" Shekuwe aliuliza taratibu.

"Nilisikia watoto wanamcheka, eti hana uso. Nikaona nije nikae naye."

"Tuanze, mzee?" fundi aliuliza.

Shekuwe alitikisa kichwa kukataa, akaketi kando ya mkewe.

Mwanasiti akainuka. Kwa upindo wa kanga akaanza kuifuta sanamu vumbi, polepole, kuanzia pale ambapo uso ungekuwa.