Redio ya Pijo

Kila nyumba ina sikio la serikali ukutani, ndiyo maana Sefu na mkewe walizoea kuzungumzia ndani ya Pijo, gari kuukuu la marehemu baba yake Sefu, lililokaa uani juu ya matofali. Humo ndimo walimomlilia mtoto wao Mbaraka, aliyetoroka jeshini na sasa anasakwa.

Lakini Sefu alilifufua gari lile, na gari likitaka kuingia barabarani, sharti nalo lifungwe sikio. Fundi alipokuja na kidude chake cheusi, Sefu aling'aka.

"Litaniharibia dashibodi hilo! Lifiche nyuma ya redio ya zamani. Vitufe, mshale, vyote vibaki kama vilivyotoka kiwandani."

Fundi akalificha, akaondoka. Sefu alibaki kwenye usukani akiitazama redio ya baba yake, isiyo na hata mkwaruzo mpya. Mkewe alikuwa hajui kuwa gari nalo limefungwa sikio. Angemwambia wapi?

Hapo hapo Mama Mbaraka akatoka jikoni mbio, akaingia garini, akafunga mlango. Akaipapasa redio.

"Afadhali hii hukuibadilisha, Baba Mbaraka. Sikia, nimepata habari za mwanetu. Yuko Lushoto, kwa shangazi Mwanaidi, kajificha ghalani."

Mkono wa Sefu uliofika mdomoni mwa mkewe ulikuwa umechelewa. Nyuma ya kioo cha redio taa ya manjano iliwaka, na mshale uliolala miaka yote ukaanza kutambaa.

Mkewe akautoa ule mkono, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke.

"Kumbe umeitengeneza! Inafanya kazi!"