Msimamizi wa Mirathi

"Soma tena, mwanangu," Mama Gaudiosa, mjane, aliniambia akijishusha kwenye benchi la ofisi yetu ya msaada wa kisheria.

Nilisoma karatasi ya mahakama polepole. "Shemeji yako ni msimamizi wa mirathi. Yaani kazi yake ni kuwagawia ninyi mali ya marehemu. Shamba si lake, mama. Ni lako na wanao."

Alitazama viganja vyake vilivyopasuka kwa jembe.

"Miaka sita nampelekea nusu ya mavuno," alisema, "nikidhani nalima kwake."

Dereva wa bajaji alichungulia mlangoni. "Mama, maharage ya shemeji tunayapeleka Bonga, au tumehamia hapa?"

"Geuza bajaji," alisema bila kuinua macho. "Maharage yanarudi nyumbani."