Chupa Iliyovaa Sweta

Mama Chai aliimimina chai kutoka kikombe hiki kwenda kile, akairudisha, akaimimina tena, mpaka mvuke ukapungua. Kisha akamkabidhi fundi wa viti kikombe kwa mikono miwili.

"Kama alivyokuwa akikufanyia marehemu mkeo," alisema. "Tangawizi nyingi, sukari kidogo. Nimekosea?"

Fundi alitikisa kichwa. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu safari yake ya kwanza, na mwanamke huyu, si dada yake wala si shemeji yake, bado alikumbuka. Kwake nyumbani hakubaki mtu wa kumpozea chai.

"Na chupa ya chai umeivisha sweta," alisema fundi.

"Nayo inasikia baridi, baba. Nimeifumia mwenyewe."

Fundi alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka kwa furaha ilikuwa lini.

Alikuwa amesafiri siku nzima ya jana, na asubuhi hii tena juu ya lori la magunia, ili kufuta mstari mmoja tu. Kwenye karatasi ya kifo cha mkewe, hospitali iliandika: *Aliletwa akiwa ameshafariki.* Uongo mtupu. Mkewe alilala wodini siku mbili, akiongea, akiomba maji, akiuliza daktari yuko wapi. Daktari alikuwa kwenye mapokezi ya mkubwa fulani. Ndivyo walivyo. Wakubwa wakipokeana, wadogo wanakufa, halafu kalamu inakuja kuwasafisha wakubwa.

Ofisi ya malalamiko ilikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka pale alipoketi. Sheria yao ilibandikwa mlangoni, na fundi, aliyeishia darasa la tatu, aliifuata kwa kidole herufi kwa herufi mpaka akaielewa. Siku uliyopangiwa, jina lako linaitwa dirishani mara moja. Usipoitika siku mbili, faili linafungwa na halifunguliwi tena.

Siku ya kwanza hakuitika. Alikuwa papa hapa, juu ya kigoda hiki hiki, akinywa.

"Karani yule ana roho mbaya," Mama Chai alimwambia siku ile, huku akimfuta vumbi begani. "Amekuita kabla ya saa. Pole, baba yangu."

Ndiyo maana leo aliapa kwenda dirishani moja kwa moja, na kweli alikwenda. Dirisha lilikuwa bado limefungwa. Benchi lilijaa watu, naye akasimama mpaka goti likagoma. Akainama kulikanda, na kwa mazoea ya kazi yake akachungulia chini ya benchi kuona lilivyoungwa. Waliliandika namba kwa rangi nyeupe: 116. Akacheka kwa hasira. Ndoo nayo, 117. Ufagio, 119. Ya 118 hakuiona.

"Hawa wanaogopa tutawaibia ufagio," alimwambia mzee aliyeketi mbele yake. "Na hiyo 118 wameshaibiana wenyewe kwa wenyewe."

Benchi zima likaangua kicheko. Hapo ndipo Mama Chai alipomwita kutoka langoni.

"Baba wa mbali! Mbona umesimama kama nguzo? Hawaanzi kuita mpaka saa nne. Njoo upashe tumbo moto."

"Leo sibanduki hapa, mama."

"Na goti hilo? Nipe namba ya faili lako. Nitasimama hapa langoni mwenyewe. Wakikuita tu, nakupungia leso. Nisipokusikilizia mimi, nani atakusikilizia?"

Akampa namba. Hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza swali kama hilo.

Basi sasa alikunywa, polepole, macho kwenye leso. Mama Chai alisimama langoni, leso begani. Haikutikisika. Chai ilishuka vizuri, ikafika mahali ambapo kwa miezi mingi hapakufika kitu. Alipotoa sarafu, Mama Chai alizikataa kwa mkono tangu kule kule langoni.

"Mgeni wetu halipi!"

Ndipo akasikia dirisha likifungwa kwa kishindo.

Alikimbia na goti lake bovu, akalisukuma dirisha. Karani alikuwa ameshashika muhuri.

"Umeitwa saa tatu na nusu, mzee. Ya pili hiyo."

"Nilikuwa hapo nje, mwanangu, nakunywa chai. Kuna mama alikuwa ananisikilizia..."

"Nyinyi wa mbali mnapenda chai," karani alisema bila kuinua uso, na muhuri ukashuka.

Kwa hiyo ilishaandikwa, na itabaki hivyo. Mkewe hakuongea, hakuomba maji, hakumuuliza mtu daktari yuko wapi. Aliletwa akiwa ameshafariki.

Fundi alitoka akijishikilia ukutani. Hakuwa na pa kulilia ila pale kwenye kigoda. Lakini kigoda kilikuwa na mtu, msichana mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope, karatasi ya hospitali imekunjwa kiganjani.

"Kunywa kwanza, mwanangu," Mama Chai alikuwa akimwambia. "Bado hawajaanza kuita."

Chai ilikuwa imebaki kidogo, akaiinua chupa juu na kuilaza ili itoke yote. Sweta likateleza. Fundi, kwa mazoea ya kazi yake, akachungulia chini ya chupa.

Rangi nyeupe. 118.