Maswali ya Mtu wa Koti la Kaki

Yule mtu wa koti la kaki alikuwa ameonekana tena. Safari hii aliingia dukani kwa Gulled, pale Keroka, akanunua sigara moja na kuanza kuuliza habari za Luteni Onsongo.

"Aliuliza nini hasa?" Onsongo alisema, akijaribu kutabasamu.

"Tabia yako. Kama unalewa." Gulled aliendelea kupima sukari. "Halafu akauliza marehemu kaka yako, Abner, alikufa vipi. Kwani kuna shida, Luteni?"

"Hakuna."

Shida ilikuwapo, na jina lake lilikuwa hilohilo: Abner. Mwaka 1970 Onsongo alipeleka cheti cha shule cha marehemu kaka yake kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, kwa sababu chake mwenyewe kilikuwa na alama za kutia aibu. Hakuna aliyekichunguza. Chuo kilitaka wakimbiaji, naye alikimbia maili sita kama mtu anayefukuzwa. Alishinda mbio za nyika mara mbili. Wakubwa walimpa mkono wakimwita Abner, naye akaitika.

Sasa mbio zilikuwa zimekwisha. Alikuwa na nyota begani na askari thelathini chini yake. Alipokuwa mkimbiaji walimuuliza muda wake tu. Afisa huulizwa karatasi. Na wiki moja kabla ya likizo hii, kamanda alitangaza kwamba majalada ya maafisa wapya yatakaguliwa upya.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Kemuma, akinong'ona na jirani nyuma ya jiko. Walipomwona wakanyamaza.

"Mama, kuna mtu amekuja hapa kuuliza juu yangu?"

"Watu ni wengi," Kemuma alisema bila kumtazama. "Kesho usiende mbali. Na uvae zile nguo zako za jeshi."

"Za nini?"

"Vaa tu, baba."

Onsongo aliingia ndani akiwaza. Basi wamekwisha kumfikia hata mama. Na ni yeye aliyemtolea kile cheti sandukuni, akakifuta vumbi kwa kanga yake. Je, wakimshika pamoja naye?

Asubuhi, kabla mama hajarudi kutoka mtoni, aliketi akamwandikia kamanda barua. Aliandika kila kitu: cheti si changu, jina si langu, nilikiiba mwenyewe, mama yangu hajui lolote. Kisha akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu avalishwe nyota, akakimbia. Alikimbia kati ya mashamba ya chai mpaka posta ya Keroka, akaikabidhi barua kwa karani, akasimama barabarani mpaka gari la posta lilipopakia mifuko na kupotea upande wa Kericho.

Alirudi akitembea polepole. Moyo ulikuwa mwepesi. Angalau alikuwa amewatangulia.

Mtu wa koti la kaki alikuwa amekwisha kuketi sebuleni, kikombe cha chai mkononi. Kemuma alikaa kando, ameinamisha kichwa.

Onsongo alisimama wima mlangoni, visigino pamoja, kama gwarideni.

"Mimi ndiye unayenitafuta," alisema. "Mama hana kosa. Twende."

Mgeni alimtazama, akamtazama Kemuma, kisha akacheka hata akalazimika kuweka kikombe chini.

"Twende wapi, kijana? Watu wa msichana ndio wanaokuja, Jumapili, kuona boma. Mimi ni mshenga tu. Mama yako hakutaka ujue mpaka wakubali, na baba yake Bonareri amekubali. Tumeuliza kila mahali, hatukupata hata mmoja wa kukusema vibaya. Ila mzee ana sharti moja: binti yake ataolewa na afisa, si mwingine."